Miami 2010: Mastaa Walipojikusanya, Bei Alikuwa Kapanga Nani?

Saa kumi alfajiri kwa saa zetu, Ijumaa ya tarehe 9 Julai 2010, LeBron James alikaa mbele ya kamera za ESPN huko Greenwich, Connecticut, akatangaza kwamba anaiacha Cleveland Cavaliers na kuhamia Miami Heat, zote timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kwao bado ilikuwa Alhamisi usiku. Hapa Moshi waliokesha kwa ajili yake walikuwa wa kuhesabu, maana wiki ile watu walikuwa kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Hispania ilikuwa imetoka kumtoa Mjerumani na fainali ni Jumapili. Wapenzi wa kikapu tulizipata habari asubuhi, na kufika jioni uwanjani hukumu ilishatoka: ligi imekwisha. Mchezaji bora wa msimu, pamoja na Dwyane Wade na Chris Bosh, wote timu moja. Nani atawafunga?

Swali hilo linarudi kila mastaa wawili watatu wanapoamua kucheza pamoja, na vijana ninaowafundisha huligeuza kuwa suala la tabia. Walikuwa waoga? Waliwakimbia wapinzani? Mabishano ya namna hiyo hayaishi na hayamfundishi mtu chochote. Mimi nawaambia wachukue kalamu wafuate hela. Ukizifuata hela za kisa cha Miami, unakuta waliowakusanya mastaa wale ni wenye timu wenyewe, kwa sheria waliyoipigania na kuipata miaka 11 kabla.

Msimu wa 1997-98 Chicago Bulls ilimlipa Michael Jordan zaidi ya dola milioni 33. Kikomo cha mishahara ya timu nzima msimu ule kilikuwa kama dola milioni 27. Hujasoma vibaya: mtu mmoja alilipwa kuliko kikomo cha timu, kwa sababu sheria iliruhusu timu kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake. Mwaka 1997 Minnesota Timberwolves nao walimpa Kevin Garnett, kijana wa miaka 21, mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 126. Wenye timu wakashtuka, wakafunga milango ya ligi. Msimu wa 1998-99 ukachezwa mechi 50 badala ya 82, na milango ilipofunguliwa mkataba mpya na chama cha wachezaji ulikuwa na kitu kigeni ndani yake, yaani dari ya mshahara wa mchezaji mmoja mmoja. Asilimia 25 ya kikomo kwa mwenye miaka michache kwenye ligi, 30 kwa wa katikati, 35 kwa mkongwe.

Sasa njoo 2010. LeBron ana miaka 25, na hakuna mchezaji duniani anayemfikia. Kikomo cha timu ni dola milioni 58 na kidogo. Kwa dari ile, mwaka wa kwanza hawezi kulipwa zaidi ya milioni 16.6 hivi, awe Cleveland, awe New York, awe Chicago. Nusu ya alichochukua Jordan miaka 12 nyuma. Timu yake ya zamani ilikuwa na faida ndogo tu, ya kumpa mwaka wa sita na nyongeza nono kidogo kila msimu. Hata hiyo ikazimwa, kwa sababu Miami ilielewana na Cleveland ya LeBron na Toronto ya Bosh, ikawapa haki za kuchagua kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana wapya, na wachezaji wakahama na mikataba ya miaka sita mkononi.

Kama kila timu inakulipa sawasawa, hela inatoka kwenye hesabu. Inabaki hali ya hewa, inabaki Florida kutokuwa na kodi ya mapato ya jimbo, na zaidi ya vyote inabaki nani utacheza naye.

Kiboriloni

Aliyenifungua macho kuhusu jambo hili hajawahi kutazama mechi ya kikapu hadi mwisho. Ni mzee wa Kiboriloni, zamani karani wa mizani kwenye chama cha msingi, enzi ambazo kahawa ndiyo iliyosomesha watoto. Mjukuu wake anacheza kwetu. Siku hiyo kijana alikuwa anamweleza habari za Miami kwa hasira kana kwamba zimetokea juzi.

"Babu, hawa watatu walielewana waende timu moja. Si haki kabisa."

"Bei kapanga nani?"

"Bei gani tena, babu?"

"Ya kuwalipa. Wamepanga wao au wanunuzi?"

"Ligi ndiyo inapanga. Haivuki pale."

"Basi mjukuu wangu unamlaumu mkulima."

Kwa mtu wa Kilimanjaro hilo halihitaji maelezo marefu. Wakulima wa hapa walianzisha umoja wao wa KNPA mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama chao cha ushirika, kwa sababu mwenye debe mbili za kahawa akienda peke yake kwa mnunuzi anapewa bei ya mnunuzi. Ila mfano wa mzee unafika mahali unakatika, na hapo ndipo kisa kinaponoga. Mkulima alijiunga na wenzake ili bei ipande. Hawa watatu walijiunga, kisha wakaishusha bei yao wenyewe. LeBron na Bosh walianza na dola milioni 14.5 kila mmoja, Wade 14.2, wote chini ya dari. Kilichobaki kilimwezesha Udonis Haslem, mtoto wa Miami aliyekuwa na ofa nono kwingine, abaki nyumbani kwa pungufu, na Mike Miller asajiliwe.

Walipanga mapema. Wote watatu walitoka drafti ya 2003: LeBron wa kwanza, Bosh wa nne, Wade wa tano. Mwaka 2006, mwenzao wa drafti hiyo hiyo Carmelo Anthony alipochukua nyongeza ndefu ya miaka mitano, wao walisaini fupi, ili wote wawe wachezaji huru, wasiofungwa na mkataba, kiangazi cha 2010. Mwaka 2008 wakachukua dhahabu ya Olimpiki Beijing pamoja. Pat Riley, rais wa timu ya Miami, naye alikuwa anaisafisha daftari ya mishahara, hadi kumtoa Michael Beasley, chaguo la pili la drafti ya 2008, kwa haki za raundi ya pili tu ambazo kwa kawaida hazimpatii mtu staa.

Nani aliumia? Anza na hesabu hii rahisi. Mishahara ya watatu wale kwa mwaka wa kwanza ni dola milioni 43.2 kati ya 58. Karibu robo tatu. Wengine zaidi ya kumi wanagawana kilichobaki, na wengi wao wanaingia kwa kile kima cha chini ambacho sheria inaruhusu kulipwa hata kikomo kikishajaa. Mike Bibby aliacha dola milioni 6 alizokuwa anadai Washington ili awe huru kwenda Miami katikati ya msimu. Juwan Howard ndiye ninayemkumbuka zaidi. Mwaka 1996 Miami hiyo hiyo ilimsainisha kwa mamilioni, ligi ikaufuta mkataba kwa kuvunja kanuni za kikomo, akarudi Washington na mkataba wa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2010, umri wa miaka 37, akaingia Miami kwa kima cha chini cha mkongwe. Alipata pete mbili za ubingwa, na sina sababu ya kumwonea huruma. Lakini mchezaji wa kiwango cha kati asiye na akiba ya Howard, mwenye miaka 28 na goti linalouma, alianza kuambiwa kila mahali: ukitaka ubingwa, punguza. Staa akipunguza anapewa sifa. Huyu akipunguza, hakuna anayejua.

Cleveland iliumia waziwazi. Msimu wa 2009-10 ilishinda mechi 61. Uliofuata ilishinda 19, na katikati yake ikapoteza 26 mfululizo. Mmiliki Dan Gilbert usiku ule ule aliandika barua ya hasira dhidi ya LeBron na ligi ikampiga faini ya dola laki moja. Toronto nayo ilitoka ushindi 40 hadi 22. Nilikuja kuziona jezi za Cleveland namba 23 kwenye mitumba ya Soko la Memorial, nyingine mpya kabisa, wino haujapasuka hata herufi moja. Muuzaji alikuwa anaziuza bei ya fulana za kulalia. Vijana wa Moshi wakazinunua kwa furaha, kwa sababu ni LeBron na ni nafuu, na kwa muda timu zetu za mtaani zilikuwa zimejaa Cleveland wakati yeye yuko Miami anavaa namba 6.

Kilichoiokoa Cleveland ni kitu ambacho Ligi Kuu yetu ya soka haina. Timu mbovu ya NBA hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua vijana mapema kwenye drafti. Ndani ya miaka minne Cleveland ilipata chaguo la kwanza mara tatu, 2011, 2013 na 2014. La 2011 lilikuwa Kyrie Irving. Mawili yaliyofuata yakauzwa kumpata Kevin Love, LeBron akarudi nyumbani Julai 2014, na mwaka 2016 wakachukua ubingwa. Kwetu, Simba na Yanga wakishawasomba wachezaji wazuri, hakuna utaratibu wa kuirudishia timu ya mkoani kitu. Tangu Azam ilipotwaa ubingwa msimu wa 2013-14, kombe limekuwa la hao wawili tu hadi msimu wa 2024-25. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema mastaa wakijikusanya ligi inakufa, simshangai, maana anaitazama NBA kwa macho ya ligi isiyo na drafti wala kikomo.

Na uwanjani je?

Uwanjani Miami haikuwa ile tuliyoiogopa. Walianza kwa kushinda tisa na kupoteza nane. Kila walikokwenda viwanja vilijaa watu waliokuja kuwazomea, na watu wanaonunua tiketi ili wazomee ni biashara nzuri kuliko watu wanaobaki nyumbani. Walimaliza na ushindi 58, wakafika fainali dhidi ya Dallas Mavericks. Mechi ya pili, zimebaki dakika saba na sekunde kadhaa, Miami mbele kwa pointi 15, wanashangilia mbele ya benchi la Dallas. Dallas wakashinda 95-93. Mechi ya nne LeBron alifunga pointi nane. Nane! Ubingwa ukaenda Dallas kwa mechi nne kwa mbili, kwa timu ya Dirk Nowitzki, ambaye kiangazi kile kile cha 2010 naye alikuwa mchezaji huru, akasaini tena pale pale bila kamera. Pembeni yake walikuwa Jason Kidd, Tyson Chandler, Shawn Marion, Jason Terry na J.J. Barea, yaani wachezaji wa kiwango cha kati ambao Miami haikuwa na hela ya kuwalipa.

Ubingwa ulikuja 2012 dhidi ya Oklahoma City Thunder, na 2013 dhidi ya San Antonio Spurs. Ule wa 2013 uliponea kwenye tundu la sindano. Mechi ya sita ilichezwa alfajiri yetu ya Jumatano, 19 Juni. Ilipofika mwisho jua lilishatoka na wenye kazi walishapanda hiace. Sekunde 28 zimebaki, San Antonio mbele kwa pointi tano, kamba za kuzuia watu zimeshaletwa pembeni ya uwanja kwa ajili ya kukabidhi kombe. LeBron akapiga pointi tatu. Kawhi Leonard akakosa mtupo mmoja kati ya miwili. LeBron akajaribu tena tatu, akakosa, Bosh akaruka akaipata ribaundi, na Ray Allen akarudi kinyumenyume hadi kwenye kona bila kuangalia chini, akapokea pasi, akapiga. 95-95. Miami ikashinda 103-100 kwenye muda wa nyongeza, kisha ikashinda na mechi ya saba.

Ray Allen hakuwa mmoja wa watatu. Alitoka Boston mwaka 2012 akiwa mchezaji huru, akaacha hela nyingi mezani. Hapo ndipo timu ya mastaa inapoonyesha nguvu yake: ukishawapata watatu, wa nne na wa tano wanajileta wenyewe kwa bei ya kutupa. Nguvu hiyo ina mwisho. Mwaka 2014 San Antonio waliilipiza Miami kwa mechi nne kwa moja, LeBron akaondoka. Fainali nne mfululizo, ubingwa mara mbili. Siku ya sherehe ya kuwakaribisha, Julai 2010, alikuwa anahesabu mbele ya mashabiki ubingwa watakaouchukua, hadi akafika saba.

Sehemu inayonikera ni majibu ya ligi. Julai 2011 wenye timu walifunga milango tena, na msimu ukaanza Krismasi, mechi 66. Mgogoro ungekuja hata bila Miami, maana walishaanza kulalamika hasara kabla. Ila Miami iliwapa cha kusema hadharani: tunazilinda timu za miji midogo. Matokeo yake mgao wa wachezaji katika mapato ulishuka kutoka asilimia 57 hadi karibu nusu kwa nusu, na kodi ya anasa kwa timu zinazovuka mipaka ya mishahara ikapangwa kuwa kali zaidi. Dari ya mchezaji mmoja, ile iliyoleta mambo yote haya, ikabaki.

Sasa angalia nani aliumizwa kwanza na sheria ya kulinda miji midogo. Oklahoma City ni mji mdogo kwa viwango vya ligi ile. Ilikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, wote vijana iliowachagua yenyewe kwenye drafti, hakuna aliyejikusanya. Oktoba 2012, ikikwepa kodi ijayo, ikashindwa kuelewana na Harden kwenye mkataba mpya, ikampeleka Houston siku chache kabla ya msimu. Kwenye benchi la Oklahoma City msimu huo alikuwepo Mtanzania wetu, Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 Memphis ilimchagua wa pili kwenye drafti, mbele ya Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Sisi tulikuwa tunaitafuta timu ile kwa ajili ya Thabeet, tukajikuta tunashuhudia ikibomoka taratibu.

Tarehe 4 Julai 2016 Durant akatangaza kwenda Golden State Warriors, timu iliyokuwa imeshinda mechi 73 na kumtoa yeye mwenyewe kwenye hatua ya mtoano. Hapo watu walimtukana hata kuliko LeBron. Fuata hela tena. Hela mpya za televisheni ziliingia kwa mkupuo, kikomo kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa kiangazi kimoja. Ligi ilitaka kipandishwe polepole, chama cha wachezaji kikakataa. Curry wa Golden State, mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, alikuwa bado kwenye mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44 aliousaini enzi anasumbuliwa na kifundo cha mguu. Kwa hiyo mahali pa kumweka Durant palipatikana. Golden State walichukua 2017 na 2018, na 2017 walipoteza mechi moja tu katika mtoano mzima. Hicho ndicho kipindi ambacho mimi binafsi nilichoka kuamka. Miami ilikuwa na wasiwasi ndani yake. Golden State ile haikuwa nao.

Halafu, bila mtu kutangaza, ikapita. Brooklyn iliwasajili Durant na Irving 2019, ikamwongeza Harden 2021, na kwa pamoja wakashinda raundi moja tu ya mtoano. Kuanzia 2019 hadi 2025 ubingwa ulikwenda kwa timu saba tofauti: Toronto, Los Angeles Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, na mwisho Oklahoma City, iliyojijenga upya kwa drafti na mabadilishano.

Mwaka 2023 wenye timu walirudi na kamba nyingine, mstari wa pili juu ya ule wa kodi. Timu ikiuvuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kupata mmoja, na inanyimwa njia nyingine za kusajili. Phoenix Suns waliuvuka wakiwa na Durant, Devin Booker na Bradley Beal. Msimu wa 2024-25 walishinda 36, wakapoteza 46, na mtoano wakauona kwenye televisheni. Julai 2025 waliuvunja mkataba wa Beal, wakabaki wanamlipa kwa miaka mingine. Yeye akasaini Los Angeles Clippers, kwa kina Kawhi Leonard na Harden, kwa zaidi kidogo ya dola milioni 5 kwa mwaka. Yaani mwenye timu mmoja akawa anatoa hela ili staa akacheze na mastaa wa mwenzake.